Wekundu wa Tangi la Dokta

Mkono wa kulia wa Polepole ulikuwa majini hadi begani, na shavu lake limebanwa kwenye ukingo wa kioo cha tangi la samaki kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Mkono wa kushoto ulishika mpira mwembamba ulioingia tangini na kutokea kwenye ndoo sakafuni. Kila alipokibana kijidonge kimoja chekundu kwa kibanio, aliusogeza mdomo wa mpira karibu kabla ya kuvuta, ili vumbi lake lote lifyonzwe lisipate nafasi ya kuelea. Alikuwa amefika cha arobaini na moja, na jiwe la kwanza lilikuwa bado halijaisha.

"Anti, ukilala humo niwaambie nini wagonjwa?" aliuliza binti wa mapokezi kutoka nyuma ya meza yake. Wote pale kliniki walimwita Kengele, maana sauti yake ilifika kwenye kiti cha daktari hata mlango ukiwa umefungwa.

"Waambie daktari ana mgonjwa mwenye meno mengi."

"Na hana bima."

Polepole alicheka bila kuutikisa mkono. Arobaini na mbili.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ambayo kliniki hufungwa saa saba mchana. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti tisa, rafu ya miswaki, picha kubwa ya gego lililopasuliwa katikati kama papai, na hilo tangi la maji ya chumvi lililochukua ukuta mzima wa kushoto. Kliniki ilikuwa ya kaka yake, Dokta. Tangi nalo, kwa karatasi, lilikuwa la kaka yake. Dokta alikuwa amelinunua miaka miwili nyuma ili watoto wapate cha kutazama wakati wakingoja kung'olewa meno, na mwezi wa kwanza samaki wote walikufa isipokuwa mmoja, kangaja wa bluu mwenye roho ngumu. Ndipo Polepole, aliyekuwa amekuja kupima makoti mapya ya wauguzi, alipouliza kama anaweza kujaribu.

Hakusomea kitu chochote cha bahari. Alikuwa mshona nguo. Lakini alikuwa na daftari, simu ya kusomea, na tabia ya kubadilisha jambo moja tu kisha kungoja wiki mbili kabla ya kugusa jingine. Jina la Polepole alipewa na huyo huyo kaka yake walipokuwa wadogo, kwa sababu alikuwa akimenya chungwa na kuliondoa kila uzi mweupe, wenzake wakiwa wameshakula matatu na kwenda kucheza. Kwa mtindo huo huo aliliweka tangi sawa. Kangaja akanenepa. Wakaja wenzake wanne.

Nguo anazoshona huondoka na wenyewe, na akizikuta barabarani huziona zimepanuliwa kiuno au zimebadilishwa vifungo. Tangi lilikuwa kazi yake ya kwanza iliyobaki pale alipoiweka. Na sasa lilikuwa na siku mbili.

Mambo yalikwenda hivi. Msimu wa sare za shule ulipofika, alibanwa na cherehani kwa wiki tatu, akamwachia Kengele kazi ya kulisha samaki. Jumatano ya wiki ya tatu, mtoto mmoja aliyekuja na mama yake alikitazama kioo kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kutosha chumba kizima, "Mama, haya mawe yanatoka damu kwenye fizi." Watu wakacheka. Kengele akacheka zaidi. Dokta, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili mkononi, hakucheka hata kidogo. Jioni hiyo alimpigia dada yake simu.

"Mdogo wangu, Jumatatu saa mbili asubuhi fundi anakuja kufunga televisheni. Nikikuta wekundu hata kidogo, tangi linaondoka na yeye anafunga kwenye ukuta huo. Samaki kuna mtu wa duka atawachukua."

"Wekundu upi, kaka?"

"Wekundu ni wekundu."

Kwa Polepole haikuwa hivyo. Tangini mlikuwa na nyekundu tatu, na kwa kuwa majina ya vitabuni yalimshinda kutamka, alizipa ya kwake. Ya kwanza ilikuwa Ganda, utando mgumu wa zambarau iliyopauka uliojishika kwenye mawe kama rangi ya mafuta. Ya pili ilikuwa Kichaka, mwani wenye matawi ya mviringo na rangi ya mvinyo, ambao yeye mwenyewe aliufunga kwenye mawe kwa uzi wa pamba, shina baada ya shina, ili unywe uchafu wa samaki na kisha samaki waule. Na ya tatu ilikuwa Sufi, vijidonge laini vya waridi vilivyofanana na sufi ya mto. Sufi aliiona kwa mara ya kwanza miezi mitano nyuma, mahali pamoja tu, nyuma ya jiwe kubwa, akawa anaipunguza kila Jumamosi. Sasa ilikuwa kila mahali, na zaidi upande wa mbele, panapoonwa na watu.

Hapo ndipo kichwa chake kilipogoma. Sufi haitembei. Alipima chumvi, alipima joto, alipima uchafu wa maji, na namba zote zilikuwa karibu na zile za mwezi uliopita. Alimuuliza Kengele kuhusu chakula.

"Kijiko kimoja asubuhi, kama ulivyoandika. Mimi naogopa daftari lako kuliko namwogopa Dokta."

Polepole aliamini. Akauchomoa mkono, akaukausha kwa taulo, akachukua kioo cha kukuzia anachotumia kufumua mishono midogo, akakiegemeza kwenye tangi. Kwenye jiwe la mbele, pale ambapo Ganda lilikuwa limekaa kwa mwaka mzima, aliona mwamba mtupu, mweupe, wenye mikwaruzo. Mikwaruzo ilikwenda sambamba, mifupi, iliyonyooka, ya mkono usiotetemeka. Kando yake uzi wake wa pamba ulikuwa bado umefungwa fundo, lakini haukushika kitu. Shina la Kichaka lilikuwa limekatwa chini kabisa, safi, kama kwa wembe.

Konokono hakati hivyo. Hata kaa hakati hivyo.

Aliiegemea meza ya mapokezi. Kengele alinyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kisha akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Sema tu," alisema Polepole.

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo maana nakuambia sema."

Kengele aliutazama mlango wa chumba cha daktari, akashusha sauti hadi ikawa sawa na ya mtu wa kawaida. "Alikuwa anakuja saa ya chakula. Kila siku. Anavaa glavu ndefu, na ile miwani yake ya kazini yenye lenzi, anachukua kile chuma cha kukwangulia ukoga. Nikamuuliza, Dokta, Anti anajua? Akasema, namsafishia kidogo, akirudi akute limeng'aa. Alikuwa anafurahi, Anti. Anapiga mluzi kabisa."

Polepole aliwaza picha hiyo, kaka yake na mikono yake mikubwa, akiyakwangua mawe jino baada ya jino, akipiga mluzi, mkate wake ukimngoja mezani. Hasira ilikuja, ikasimama mlangoni, ikakosa pa kukaa. Akafungua daftari, akaandika tarehe, na chini yake: *Mawe yamekwanguliwa, wiki tatu. Si chakula. Si taa.* Ilikuwa nafuu kubwa kujua.

Mgonjwa wa mwisho alitoka saa sita na nusu akiwa ameshika shavu. Polepole akabisha mlango.

"Kaka, nipe robo saa na visahani vitatu. Vile vyeupe vya vyuma vyako."

Dokta alikuja mwenyewe navyo. Alikuwa mtu mrefu mwenye mwendo wa haraka, wa kumaliza. Aliliangalia tangi, akaiangalia ndoo. "Umetoa mengi. Lakini bado naona damu."

"Utaiona. Kaa hapo."

"Nina simu za kupiga."

"Kaa, kaka. Huwa unawaambia wagonjwa wako neno hilo hilo, na wao wanakaa."

Kengele alikohoa kwenye kiganja. Dokta akakaa.

Polepole aliweka tawi la Kichaka kwenye kisahani cha kwanza, kijidonge cha Sufi kwenye cha pili. Kwa ajili ya cha tatu alibandua kipande cha Ganda kutoka kwenye bomba la plastiki la pampu. Hakukitoa kwenye jiwe, kwa kuwa jiwe nalo lina chokaa, na jaribio alilotaka kufanya lingemdanganya.

"Shika hili kwanza. Bila glavu."

Dokta alilibana tawi la Kichaka kwa vidole. Lilikuwa gumu kiasi, la mviringo. Akalikunja, likakatika kwa sauti ndogo kama mharage mbichi.

"Sasa hiki."

Kijidonge kilipotoka majini kilinywea pale pale, kikawa doa la waridi kwenye ncha ya kidole, hakina shina wala umbo. Dokta alikisugua, kikabaki kwenye ngozi.

"Lifute," alisema Polepole, akampa karatasi. "Sasa tazama ulichokifuta. Ni vipande mia. Kila kipande ukikiacha majini kinatafuta jiwe, kinaanza upya. Ndiyo maana mimi navuta kwa mpira. Ukikikwangua kikapeperuka, umepanda shamba."

Dokta aliikunja karatasi. Macho yake yalikwenda kwa Kengele, na Kengele akagundua kwamba kuna jambo la lazima sana chini ya meza yake.

"Hajasema kitu," Polepole alisema. "Mikwaruzo yako naijua. Hakuna mwingine nyumba hii mwenye mkono ulionyooka hivyo."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua."

"Kazi yangu ni hiyo, mdogo wangu. Kitu kikiota juu ya kitu kigumu, nakikwangua. Miaka ishirini na mbili. Sijawahi kukosea."

"Basi tazama cha tatu." Alidondosha tone la siki kwenye kipande cha Ganda. Kikatoa povu dogo, kikachemka chenyewe kwenye kisahani.

Dokta aliinama. Akavuta miwani yake ya lenzi kutoka mfukoni, akaivaa, akainama zaidi. Wakati wote aliokaa pale alikuwa kama mtu anayengoja basi. Sasa mabega yake yalishuka, akawa mtu aliye kazini. "Chokaa," alisema taratibu. "Kina chokaa."

"Ni mwani, nao. Mwekundu kama wenzake, ila huu unajijengea gamba. Pale ulipokaa, Sufi haipati pa kushika. Mawe yangu ya mbele yote yalikuwa yamefunikwa."

"Na mimi nimeondoa."

"Nyuma hukufika. Nyuma ni salama."

Dokta alivua miwani. "Kwa hiyo nilikuwa nakwangua enameli, gamba la jino lenyewe, nikidhani ni ukoga." Akatikisa kichwa. "Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemrudisha darasa la kwanza."

"Na kalamu ungemnyang'anya," alisema Kengele kutoka chini ya meza.

Polepole aligeukia tangi. Alichukua tawi jingine la Kichaka, akalidondosha tangini. Kangaja wa bluu alikuja kama aliyeitwa kwa jina, akalirarua, wenzake wakafuata. Akadondosha kijidonge cha Sufi. Kangaja alikisogelea, akakigeuzia mkia. Mpira ulikinyonya kabla hakijafika chini.

"Nimeelewa," alisema Dokta. "Kweli nimeelewa. Lakini njoo ukae hapa nilipo."

Polepole alikaa kwenye kiti cha pembeni.

"Wewe unaona vitu vitatu," kaka yake alisema. "Mama aliyekuja na mtoto mwenye hofu anaona kimoja. Anaona kinywa kinachovuja damu, kwenye kliniki ya meno. Siwezi kumpa kila mtu kisahani na siki."

Polepole alilitazama tangi kutoka pale. Miaka miwili alikuwa akilitazama akiwa amesimama, pua kwenye kioo, na hakuwahi kukaa kwenye kile kiti akiwa na jambo la kuogopa. Kutoka pale Kichaka chake alichokipenda kilining'inia kwenye mawe, chekundu, kikicheza na mkondo, na ilikuwa kweli: mtoto yule hakusema uongo. Kaka yake, ambaye alikuwa akimfahamu, hakumharakisha.

"Una haki," alisema hatimaye. "Mbele pasiwe na Kichaka."

"Unakiondoa?"

"Nakihamisha. Chini, kabatini, kuna tangi dogo la pampu, maji yote yanapita humo. Nikiweka taa, kitaota humo humo kikinywa uchafu, na samaki nitawapa matawi kwa mkono. Juu libaki Ganda peke yake, la zambarau. Hilo hakuna atakayeliita damu. Lakini pale ulipokwangua litachukua miezi kurudi, na wakati huo mimi nitakuwa nakuja mara mbili kwa wiki kuondoa Sufi, maana itakuwa inanyemelea pale pale palipo wazi. Siahidi kwamba itaisha. Nakuahidi kwamba haitaonekana kutoka kwenye kiti hiki."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu hutaiona. Mawe ni kumi na moja. Nikiyatoa moja moja na kuyachambua kwenye beseni la maji yake, nitamaliza kesho."

Dokta alijipangusa kidole ambacho kilikuwa kimeshakauka. "Kwa nini hukuwahi kunieleza haya? Miaka miwili napita hapa kila asubuhi."

"Nilikuwa sijawa na uhakika."

"Miaka miwili?"

"Na kosa hilo ni langu," alisema Polepole. "Ningekuambia mapema hata nusu yake, usingeshika chuma."

Dokta alitoa simu. Polepole alisikia ikiita, na kaka yake alikuwa na sura ile ile ya kumaliza mambo.

"Fundi? Ndiyo, mimi. Jumatatu njoo, saa ile ile. Ila si ukuta wa kushoto. Ule wa mlangoni, juu ya rafu ya miswaki. Ndiyo, kebo ndefu. Hapana, tangi linabaki." Akamsikiliza kidogo. "Kwa sababu ni langu na nimeamua."

Akaweka simu mezani, akakunja mikono ya shati. "Haya. Nipe jiwe."

"Wewe?"

"Nani hapa ana lenzi zinazokuza mara tatu na nusu?"

Kengele alifunga mlango wa mbele na kugeuza kibao. Alikuwa na haki ya kwenda nyumbani, lakini alivua viatu, akasema ataondoka akishaona Dokta ameloa.

Walitandaza taulo juu ya kiti, wakaweka hapo beseni lenye maji ya tangi, katikati yao, ndoo ikabaki sakafuni. Polepole alitoa jiwe la kwanza, lile alilokuwa ameanza asubuhi, akampa kaka yake kibanio na kushika mpira mwenyewe. Dokta alianza kwa kasi yake ya kawaida. Vijidonge vitatu vya kwanza vilipasuka, vumbi la waridi likatanda majini, ikabidi wamwage beseni lote na kuanza upya.

"Bana chini, kwenye mzizi," alisema Polepole. "Ngoja mpira ufike. Sasa vuta."

"Sasa?"

"Sasa."

Baada ya jiwe la pili Dokta aliinuka ghafla, akaingia chumbani kwake, akarudi na kijirija cha plastiki kilichopinda, kile kinachowekwa mdomoni mwa mgonjwa kunyonya mate. Akakichomeka kwenye ncha ya mpira wa dada yake. Kikaingia kana kwamba viwili hivyo vilitoka kiwanda kimoja. Sasa mdomo wa mpira ulifika kwenye kila tundu la jiwe, na Polepole aliweza kuukunja kona ambazo kwa miezi mitano zilikuwa zikimshinda.

"Vipo mia kwenye pakiti," Dokta alisema. "Ni vya kutupa."

"Mia vitatosha mwaka. Mimi sivitupi."

"Niliogopa utasema hivyo."

Wakaendelea. Jiwe la tatu lilikuwa na Kichaka kizima. Polepole alikata uzi, akakipeleka kabatini kwenye tangi la pampu, akakifunga kwenye wavu wa plastiki chini ya taa ya mezani ambayo Kengele alikubali kuitoa kwa sharti la kununuliwa nyingine. Jiwe la nne lilikuwa la nyuma, limefunikwa Ganda kutoka juu hadi chini, na Dokta alilishika kwa viganja viwili, akaligeuza kwenye mwanga, akasema hajaona kinywa kizuri hivyo mwezi mzima. Halikuhitaji kitu. Wakalirudisha mbele, katikati, mahali panapotazamana na viti.

La tano na la sita yaliwachukua saa mbili. Hayo ndiyo yaliyokuwa yamekwanguliwa zaidi, na kila mkwaruzo ulikuwa na mstari wake wa Sufi, kama mbegu kwenye matuta. Dokta aliyachambua, kibanio chake kikishuka na kupanda, hakipasui tena. Kengele aliondoka katikati ya la sita, akasema Dokta ameloa vya kutosha.

Saa kumi na moja mwanga ulianza kupungua dirishani na Polepole alisimamisha kazi. Macho yakichoka, alisema, mtu hukosa kuona vile vidogo, na vidogo ndivyo vyenye kesho. Kaka yake alitaka kuendelea na la saba. Alikuwa ameshaliweka mapajani. Dada yake akalichukua kwa upole, akalirudisha majini pamoja na mengine manne kwenye ndoo kubwa, akatumbukiza pampu ndogo ili maji yasilale, akafunika kwa taulo kuzuia vumbi.

"Matano," alisema Dokta, akijinyoosha mgongo.

"Matano. Na kuta za kioo, na wavu wa chujio, na nipime maji kabla hatujayarudisha tangini."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Njoo saa mbili."

Polepole aliandika daftarini: *Mawe sita tayari. Matano ndooni.* Akafikiri, akaongeza mstari mmoja juu ya kijirija cha kunyonya mate, na jinsi ya kukisafisha.

"Saa mbili na nusu," alisema, akaukunja mpira.